Chuo hakinunuliwi kwa picha ya Facebook



Mtoto wa kigogo akitaka kusoma Ulaya, baba yake humpigia simu balozi. Wewe mtoto wa mlalahoi, balozi wako ni simu ya mkononi. Unafungua Facebook, Instagram au TikTok, unaona majengo ya vioo, vijana wenzako wamevaa majoho wanacheka, na chini kuna namba ya WhatsApp ya wakala. Kesho yake mzee anauza kiwanja.

Siwalaumu. Simu ndiyo dirisha tuliloachiwa. Ila nawauliza: picha ile kaiweka nani, na analipwa na nani? Mawakala wengi hulipwa kamisheni na chuo kwa kila kichwa wanachopeleka. Huyo si mshauri wako, ni dalali. Na dalali hasemi kwamba nyumba inavuja!

Sikilizeni kisa cha Marekani. Mwaka 2013 maofisa wa serikali walianzisha chuo hewa, University of Northern New Jersey, kuwanasa mawakala wa viza. Hakikuwa na mwalimu wala darasa, lakini kilikuwa na tovuti na ukurasa wa Facebook kama chuo chochote. Mwaka 2016 mtego ulifyatuka. Mawakala 21 walishitakiwa, na wanafunzi wa kigeni zaidi ya 1,000 waliojiandikisha wakaingia matatani na uhamiaji. Wapo walioujua mchezo, wapo walioapa kwamba walidanganywa. Mwaka 2019 kikafichuliwa kingine, University of Farmington, huko Michigan. Kama serikali iliweza, tapeli wa mjini atashindwa?

Sasa tufanyeje? Mitandao itumieni kuuliza, si kuamini. Mtafute mwenyewe Mtanzania anayesoma pale, usingoje uliyeletewa na wakala. Muulize: Chumba bei gani? Kibarua kinaruhusiwa saa ngapi kwa wiki? Ada ya mwaka wa pili ni ileile? Aliyeishiwa hela anafanywaje? Kisha uliza Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kama shahada ya chuo hicho itatambuliwa hapa nyumbani. Na ada ilipwe kwenye akaunti ya chuo, si kwenye simu ya mtu.

Mwisho, balozi zetu zinaendeshwa kwa kodi ya mlalahoi. Tudai zimjibu mtoto wa muuza chipsi kama zinavyomjibu mtoto wa waziri.