Tuanze na Paa: Kupunguza Matumizi ya Umeme katika Fleti za Nyali



Nimeombwa nizungumzie njia nafuu za kupunguza umeme katika majengo ambayo tayari yamesimama. Hoteli zetu kubwa nitaziacha, kwani zimekuwa na sheria ya kuzisukuma: kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 zilitaka jengo linalotumia yuniti 180,000 au zaidi kwa mwaka likaguliwe kila baada ya miaka mitatu, na angalau nusu ya akiba iliyoonekana itekelezwe. Fleti ambayo kila mlango una mita yake haifiki huko. Hapo hakuna anayekagua, na ndipo watu wengi wa Nyali wanapoishi.

Ingia fleti ya juu kabisa mwezi wa Februari, saa tatu usiku, upandie kiti uguse dari. Bado ni ya moto. Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta, jua la adhuhuri haliendi mbali na utosi mwaka mzima, na slabu ya zege iliyo wazi hunywa joto mchana kutwa ikaja kulitema usiku, watu wanapotaka kulala. Mpangaji hushusha rimoti hadi 16, kiyoyozi kikanguruma hadi alfajiri, na chumba hakipoi.

Dawa yake ni kuipaka slabu chokaa. Paa jeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwangaza wa jua kabla haujageuka joto. Gharama ni chokaa, brashi na kibarua wa siku mbili. Mvua za masika huiosha, kwa hivyo irudiwe kila mwaka. Mwenye uwezo zaidi apake rangi nyeupe isiyopitisha maji, maana huizuia slabu kuvuja vilevile.

Najua jibu la wenye nyumba: stima analipa mpangaji, mimi yanihusu nini? Yakuhusu. Ghorofa ya juu ndiyo inayohamwa kila mara, na kodi ya mwezi mmoja uliopotea mlango ukiwa umefungwa yazidi bei ya chokaa.

Baada ya paa ni dirisha la magharibi. Pazia la ndani hulizuia jua likiwa limekwisha ingia. Kivuli kiwe nje, kiwe cha makuti, cha turubai au cha mwarobaini uliopandwa mahali pake. Na haya madirisha ya alumini ya kusukuma tuyafikirie upya tunapoyabadilisha, kwa sababu hufunguka nusu tu, na upepo wa kusi tunaopewa bure hubaki nje. Palipo na upepo, feni ya wati 70 yatosha. Ikizunguka saa nane usiku kucha haimalizi hata yuniti moja.

Sasa shawa ya umeme, ambayo wengi hawaitilii maanani. Ikiwa ni ya kilowati 5, dakika kumi ni yuniti 0.83. Nyumba ya watu watano, kila mmoja akioga hivyo mara moja kwa siku, inatumia takriban yuniti 125 kwa mwezi kwa kuoga peke yake. Na anayevuka yuniti 100 kwa mwezi huhesabiwa katika kundi la bei ya juu. Kwa hali ya hewa yetu, miezi mingi ya mwaka swichi ile yaweza kuzimwa.

Yaliyobaki ni kazi ya fundi wa asubuhi moja. Chujio la kiyoyozi lisafishwe, na mtambo wa nje uoshwe chumvi ya bahari. Tangi la choo linalovuja lizibwe, kwani kila tone pampu imelipandisha kwa umeme. Taa za ngazini zinazowaka usiku kucha ziwe za LED: balbu kumi za wati 60 kwa saa 12 hula yuniti 7.2, za wati 9 hula 1.08.

Ombi langu ni moja. Kila msimamizi aliye hapa achague paa moja, alipake chokaa kabla ya kaskazi kuingia Desemba. Jumbe za tokeni za Februari iliyopita bado ziko kwenye simu za wapangaji wa ghorofa ya juu, ziandikwe sasa. Februari ijayo tukutane tena, kila mtu na daftari lake, tulinganishe yuniti.