Mabingwa wasio na pa kukimbilia

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita.)

Ndugu msikilizaji, juma hili naomba nikutoe kidogo kwenye soka nikupeleke Uingereza, kwenye mchezo ambao huenda hujapata kuuona hata katika televisheni. Ni mbio za pikipiki ziitwazo spidiwei. Wapanda pikipiki 4 hujipanga nyuma ya utepe. Utepe ukipaa juu nao hufyatuka, huzunguka mara 4 njia ya duara refu iliyomwagwa mawe yaliyosagwa laini, na baada ya dakika moja hivi mambo yamekwisha. Wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hapati kitu. Mechi moja ya ligi huwa na mbio 15 za namna hiyo.

Pikipiki zenyewe ni za ajabu. Injini yake ni ya ukubwa wa 500, zaidi ya mara tatu ya hizi za bodaboda tunazopanda kila siku. Ina gia moja tu, inakunywa methanoli badala ya petroli, na haina breki. Narudia, isije ikadhaniwa nimeteleza ulimi: haina breki. Wakifika kwenye kona huilaza upande wa kushoto, wakaburuza mguu uliovishwa kiatu cha chuma, huku gurudumu la nyuma likiteleza na kuwarushia kokoto watu waliosimama karibu na uzio.

Mchezo huo niliushuhudia kwa macho yangu Septemba 2023, nilipokuwa Uingereza kwa mafunzo mafupi ya utangazaji. Jumatatu moja jioni mwenyeji wangu alinipeleka katika uwanja wa Monmore Green, mjini Wolverhampton. Kitu cha kwanza nilichokipokea ni harufu ya methanoli iliyoungua, tamu kidogo, inayokaa puani hadi kesho yake. Cha pili ni umri wa watu. Vijana walikuwapo, tena na watoto wadogo waliobebwa mabegani, lakini vichwa vyeupe ndivyo vilivyokuwa vingi.

Kando yangu aliketi mzee mmoja, chupa ya chai miguuni, kijitabu cha mashindano mapajani, kalamu mkononi. Kila mbio ikiisha, anajaza pointi kwenye visanduku vya kijitabu. Nikamwuliza anaandikia gazeti gani. Akacheka, akanionyesha jukwaa zima: karibu kila mtu alikuwa akiandika. Ndiyo desturi yao. Mtu anarudi nyumbani na hesabu ya mechi nzima aliyoifanya mwenyewe, na huko kabatini anavyo vijitabu vya miaka hamsini.

Nikamwuliza kama timu yake itapata ubingwa mwaka huo. Alinijibu kwamba ubingwa si neno. Neno ni kwamba mwakani hawatakuwa na pa kukimbilia.

Hakuwa akitania. Katika uwanja ule spidiwei ilianza mwaka 1928. Lakini klabu haikumiliki hata tofali moja. Ilikuwa mpangaji wa kampuni ya kamari, ambayo biashara yake kubwa pale ni mbio za mbwa, na mwenye nyumba aliamua kwamba mpangaji huyu hataongezewa mkataba. Msimu ule wa 2023 ukawa wa mwisho. Timu iliyokuwa bingwa wa Uingereza mwaka 2016 ikafunga virago.

Sasa, wasikilizaji, hapa ndipo nilipoanza kuchimba, maana nilihisi kwamba habari hii ni kubwa kuliko timu moja. Swindon walitwaa ubingwa mwaka 2019. Ukaja ugonjwa wa korona, ligi kuu ikasimama mwaka 2020, na Swindon hawakurudi tena. Mwaka 2022 ikatangazwa rasmi kwamba spidiwei pale imekwisha. Peterborough walikuwa mabingwa mwaka 2021. Miaka miwili baadaye, mwisho wa 2023, nao wakatolewa katika uwanja wa maonyesho waliokuwa wakiukodi. Hesabu mwenyewe: timu tatu zilizotwaa ubingwa wa nchi katika kipindi cha miaka 6, na zote tatu zimepoteza uwanja. Hakuna hata moja iliyoshindwa kwenye njia ya mbio.

Wataalamu wa mchezo huo wana orodha ndefu ya sababu za kudidimia kwake. Wanasema mvua. Ni kweli, mvua ikinyesha njia inageuka tope, mechi inaahirishwa na mauzo ya chakula yanapotea. Wanasema kelele, na majirani waliohamia karibu na uwanja jana wanaolalamikia injini zilizoanza kunguruma kabla wazazi wao hawajazaliwa. Wanasema fedha za televisheni ya kulipia, zilizokuja mwaka 1999 zikawazoesha watu gharama kubwa, kisha zikapungua. Yote yana ukweli wake.

Wanasema pia Poland, na hili linahitaji maneno mawili matatu. Mpanda pikipiki wa spidiwei si mwajiriwa kama mchezaji wa mpira. Ni mtu na duka lake: pikipiki zake, fundi wake, gari lake, naye hulipwa kwa pointi anazopata. Basi huchezea klabu katika nchi mbili au tatu kwa msimu huo huo mmoja, leo Uingereza, kesho Sweden, Ijumaa au Jumapili Poland. Huko Poland mchezo huu unapendwa mno, miji inazisaidia klabu zake, na mji wa Toruń ulizindua mwaka 2009 uwanja uliojengwa mahsusi kwa spidiwei. Fedha ziko huko. Kwa hiyo mpanda pikipiki bora akilazimika kuchagua, Uingereza ndiyo huachwa. Tai Woffinden, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa dunia mara 3, mwaka 2013, 2015 na 2018, alikaa miaka kadhaa bila kuchezea klabu yoyote ya ligi ya nyumbani, hata mwaka ule wa 2018 alipotwaa taji. Na mwenye timu akikosa mtu wake, kanuni zinamruhusu kuazima mpanda pikipiki wa timu nyingine kwa usiku mmoja. Mzee wangu wa Monmore Green alilichukia sana jambo hili. Juma lililopita unamzomea mtu, juma hili umeambiwa umshangilie.

Lakini mimi nasema Poland haikuwafukuza Wolverhampton. Mvua haikuwafukuza Peterborough. Waliondolewa na ardhi, au niseme na yule mwenye hati ya ardhi. Na jambo hili si la jana.

Spidiwei iliingia Uingereza ikitokea Australia, ambako mashindano ya West Maitland ya mwaka 1923 ndiyo yanayotajwa sana kuwa chanzo. Tarehe 19 Februari 1928, huko High Beech katika msitu wa Epping, waandaaji walitazamia watu elfu chache. Walikuja makumi ya maelfu, hata wengine wakasimama ndani ya njia ya mbio. Kabla mwaka ule haujaisha viwanja vilikuwa vimeota kama uyoga. Mwaka 1936 fainali ya kwanza ya dunia ilifanyika Wembley, akashinda Lionel Van Praag wa Australia. Na fainali ya mwisho kufanyika Wembley, ya mwaka 1981, iliyochukuliwa na Mmarekani Bruce Penhall, ilitazamwa na watu wapatao 90,000.

Hapo Wembley palikuwa na timu iliyoitwa Simba. Naam, Simba wa Wembley, na watani zangu wa Jangwani mnisamehe. Kati ya mwaka 1946 na 1953 Simba hao walitwaa ubingwa wa ligi mara 7. Serikali ilikuwa ikitoza kodi ya burudani iliyokaribia nusu ya kiingilio, klabu nyingi zikafa kwa kodi hiyo, Simba wakasalia. Walisalia kwa sababu mwenye uwanja, Sir Arthur Elvin, aliupenda mchezo. Februari 1957 Elvin akafariki. Msimu wa mwaka ule ulipoanza, Simba hawakuwamo. Miaka mingi ya ubingwa ilikuwa imesimama juu ya moyo wa mtu mmoja.

London sasa haina hata timu moja ya ligi tangu Wimbledon walipofunga mwaka 2005. Ukipita mtaa wa Custom House, mashariki ya mji, uwanja wa West Ham ulikuwa pale hadi mwaka 1972. Leo ni nyumba za watu, na barabara zake zina majina ya mashujaa wa spidiwei: kuna Atkinson Road, kuna Croombs Road, kuna Hoskins Close. Sijui mangapi kati ya majina hayo mkazi wa leo anaweza kuyaeleza. White City, ambako timu ilitwaa ubingwa mwaka 1977 na kuondoka mwaka uliofuata, ulibomolewa mwaka 1985, na baadaye pakajengwa ofisi za BBC. Hackney ulikimbiwa mara ya mwisho mwaka 1996, na sehemu ile ndipo kiliposimama kituo cha matangazo ya Olimpiki ya mwaka 2012. Kwa hiyo, wasikilizaji, sisi watu wa utangazaji tumekalia viwanja viwili vya spidiwei, na wala hatujapata kuomba radhi.

Kuna uwanja mmoja ambao kesi yake inanivutia kuliko zote. Ni Brandon, karibu na Coventry, ulioanza spidiwei mwaka 1928. Mbio za mwisho zilifanyika mwaka 2016, baada ya ardhi kununuliwa na watu wanaotaka kujenga nyumba. Majukwaa yakaachwa yaharibiwe na wahuni na moto. Mashabiki hawakulala. Walijiunga, wakachanga, wakaajiri wanasheria na wataalamu wa mipango miji, wakasoma mafaili ambayo mpenzi wa pikipiki hakuzaliwa kuyasoma. Mwaka 2022 halmashauri ya Rugby ikakataa kutoa kibali cha ujenzi wa nyumba, na wenye ardhi walipokata rufaa, wakashindwa. Ushindi mkubwa! Ila kushinda kesi ya mipango miji hakumlazimishi mwenye ardhi kumfungulia mtu lango. Nyumba hazikujengwa, na pikipiki hazikurudi.

Je, mchezo huu una mustakabali? Nikiangalia wapanda pikipiki, nasema unao. Mwaka 2021 Uingereza ilitwaa ubingwa wa dunia wa timu, wa kwanza tangu 1989, na mwaka 2024 ikautwaa tena kwa mikono ya vijana wawili, Robert Lambert na Dan Bewley. Lakini ligi kuu ya nchi hiyo hiyo, iliyoanza na timu 18 mwaka 1965, mwaka huo wa 2024 ilikuwa na timu 7. Nchi bingwa wa dunia, ligi ya timu saba.

Ubingwa wote huo wawili ulipatikana Manchester, katika uwanja wa taifa wa spidiwei wa Belle Vue. Uwanja huo ulijengwa na halmashauri ya jiji, ukafunguliwa mwaka 2016. Ulianza kwa aibu. Usiku wa ufunguzi njia ilikuwa mbovu mno, mbio zikafutwa huku watu wamekwisha kaa vitini, na kabla mwaka haujaisha waliokuwa wakiiendesha klabu walikuwa wameelemewa na madeni. Wakaja waendeshaji wengine. Uwanja haukwenda kokote, kwa kuwa ni mali ya jiji, na mwaka 2022 Belle Vue wakawa mabingwa. Oxford nao walifungiwa uwanja mwisho wa mwaka 2012, nyasi zikaota, na mwaka 2022 ukafunguliwa upya kwa mbwa na pikipiki pamoja. Haya ndiyo yanayonipa tumaini kidogo. Nasema kidogo, kwa sababu mbwa wenyewe nao wana mashaka. Februari 2025 serikali ya Wales ilitangaza kwamba itapiga marufuku mbio za mbwa, na sauti kama hizo zinasikika pengine pia. Mwenye nyumba akifilisika, mpangaji hasalimiki.

Ningekuwa na sauti katika chama cha spidiwei cha Uingereza, ningeacha kwa muda mabishano ya kanuni za kuazima wapanda pikipiki, ningezigongea milango halmashauri za miji kama Manchester ilivyogongewa, au ningewaambia mashabiki wachange wanunue ardhi, hata nje ya mji, hata ikiwa ndogo. Wanaoweza kuchanga fedha za wanasheria wanaweza kuchanga za shamba. Najua ni rahisi kwangu kusema, niliyeingia uwanjani mara moja tu kwa tiketi ya kununuliwa.

Na mimi nina langu la kuungama. Usiku ule wa Monmore Green nilituma nyumbani taarifa ya sekunde 90. Ilikuwa na matokeo, kelele za injini na maelezo ya pikipiki isiyo na breki. Habari ya mwenye uwanja niliiona ndefu, nikaikata. Msikilizaji wa Dar es Salaam, aliyekwisha kuona kiwanja cha watoto kikizungushiwa mabati usiku mmoja, nilimpa kelele za injini.

Tulipokuwa tukitoka, nilimwuliza yule mzee mwakani atakwenda wapi siku za Jumatatu. Akasema Leicester si mbali sana, lakini barabara usiku ni mbaya na macho yake si ya zamani. Kisha akakifunga kijitabu chake, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akakitia ndani ya koti.