Kura ya Komini: Tumkabidhi Nani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa mgodi na wenyeji wa mji, Kolwezi)



Mmetuita tuseme juu ya kura ya komini. Sisi ni makarani. Kazi yetu ni kuandika majina na hesabu, wala si kuhubiri. Basi tutasema kwa majina na kwa hesabu.

Tarehe 20 Desemba 2023, katika miji mikubwa ya majimbo, watu waliitwa kupiga kura nne siku moja: ya Raisi, ya wabunge wa taifa, ya wabunge wa jimbo, na ya konseye wa komini. Juu ya Raisi watu walibishana mwezi mzima, kazini na kwenye pombe. Juu ya konseye, wengi walibonyeza picha ya kwanza waliyoitambua, wakatoka, sababu jua lilikuwa kali na mstari mrefu. Sasa tuulizane: kati ya wale wote tuliowachagua, nani anapita kila siku karibu na mtaro wetu unaonuka? Si Raisi.

Kwanza tufahamu konseye ni mtu gani. Kwa sheria ya mwaka 2008, burugumestre hachaguliwi na sisi. Anachaguliwa na makonseye. Tena makonseye hao hao wa komini ndio wanaochagua makonseye wa mji, na wale wa mji ndio wanaomchagua meya. Kwa hiyo kura yetu inaingia katika chumba ambamo sisi hatuingii. Ni kama kumpa jirani feranga akatununulie dawa ya mtoto. Akirudi na dawa, vema. Akirudi na viatu vipya miguuni na maneno mengi mdomoni, mtoto anabaki na homa. Hakuna karani asiyejua kwamba mahali pa kuiba ni pale pesa inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kura nayo ni vile vile.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo penye nyama.

Sheria ya migodi ya mwaka 2018 inasema kwamba kampuni inayouza shaba inalipa ushuru wa 3,5 kwa mia ya thamani ya mali yake. Ushuru huo unakatwa vipande vinne: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini au sekta au uchifu ambamo mgodi unafanyiwa kazi, na 10 kwa mfuko wa watoto watakaokuja nyuma yetu. Haya, tupige hesabu pamoja. Shaba ya dola 1.000.000 ikiuzwa, ushuru ni dola 35.000, na fungu la komini ni dola 5.250. Ikiuzwa ya dola 100.000.000, fungu la komini ni dola 525.000. Na kobalti, tangu ilipowekwa katika madini ya pekee mwaka 2018, inalipa 10 kwa mia, si 3,5.

Hii pesa si sadaka ya mzungu wala ya mchina. Imetoka katika mawe tunayoyachimba kwa mikono yetu. Nani anaamua iende kwenye pompi ya maji, au kwenye shule, au kwenye magari ya wakubwa? Kitabu cha mapato na matumizi ya komini kinapita mbele ya makonseye. Wao ndio wa kukikubali au kukikataa. Tukipeleka kule mtu asiyejua kujumlisha, au mtu anayejua sana lakini kwa faida yake, tusije tukalia kwamba kampuni inatunyima maji.

Sasa tuseme neno gumu. Wengi wenu mnasema: Mimi nitampa mtu wa kwetu. Tunaelewa. Katika mji huu kila mtu ana kwao, na mtu wa kwao anajua kumzika. Lakini tukumbuke. Desemba 1957 Wabelgiji waliruhusu kura ya komini Élisabethville na Jadotville, yaani Lubumbashi na Likasi za leo. Walipiga kura wanaume tu, wenye miaka 25 na zaidi. Kwa sehemu kubwa watu walichagua kabila. Kiisha mamlaka ikaweka maburugumestre, na katika zile komini nne za Waafrika za Élisabethville, Albert, Kenya, Katuba na Ruashi, hapakuwa hata mmoja mwenye asili ya Katanga. Watu wakanuna. Mwaka mmoja haukwisha, Oktoba 1958, Conakat ikazaliwa kutoka katika ule uchungu. Na mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa Likasi na hapa Kolwezi, watu waliozaliwa hapa na kuzaa hapa. Walilala kwenye stesheni na watoto wao wakingoja gari la moshi, na wengi walikufa. Kuna kati yetu leo waliowaona. Hatusemi kura ya 1957 peke yake ilizaa hayo yote. Tunasema moto ule uliwashwa na wanasiasa waliotuhesabu kwa makabila, na sisi tuliwapa kuni.

Tena tuulize kwa akili ya karani: huyu mtu wa kwetu, akiwa konseye, atatufanyia nini? Konseye hatoi kazi mgodini. Hatoi kiwanja. Pompi ikiletwa, haiulizi kabila la mwenye ndoo.

Juu ya chumvi, vitambaa na bia hatutakawia. Mpokee au msipokee, ndani ya chumba cha kura hakuna anayewaona.

Basi nani? Sisi tunamtafuta mtu aliyekwisha kushika mali ya watu wengine na kuitolea hesabu: mama mwenye daftari la likelemba ambaye hajapoteza hata feranga moja, mwalimu aliyekusanya pesa za wazazi akaonyesha risiti, mkubwa wa timu mgodini ambaye hakata watu mshahara kwa siri. Wamama wanawajua watu hao kuliko sisi. Mwaka 1957 hawakuulizwa. Leo waulizwe wa kwanza.

Lakini angalieni na liste yake. Kura inahesabiwa kwanza kwa liste nzima, kiisha viti vyake vinakwenda kwa wenye kura nyingi ndani yake. Mtu mwema katika liste ya wezi anaweza kuwabeba wezi mgongoni, naye akabaki nje. Someni majina yote.

Kwa hiyo siku za kura zitakaporudi, tutawaita wote wanaotaka kuwa konseye, na wa liste yetu sisi pia, tuwaulize mambo matatu mbele ya watu: Utampa nani kura ya burugumestre? Lile fungu la 15 kwa mia utalipeleka wapi kwanza? Utarudi hapa kutusomea kitabu cha mapato mara ngapi kwa mwaka? Karani mmoja ataandika majibu, kila mmoja atatia sahihi chini ya maneno yake, na daftari litakaa kwa wamama wa likelemba. Asiyetaka kutia sahihi, jina lake litaandikwa vile vile.