Vita Kuu ya Kwanza Ianzie Ziwani: Mada kwa Walimu wa Historia, Cibitoke



Tumezoea kuanzia somo hili Sarajevo. Tarehe 28 Juni 1914 mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria anauawa, kisha tunaandika ubaoni safu mbili: huku Ujerumani, Austria-Hungaria na Uturuki, kule Ufaransa, Urusi na Uingereza. Mwanafunzi ananakili, anakariri, anajibu mtihani, na muda si mrefu amesahau yote. Napendekeza tuanzie hapa kwetu, ndipo twende Ulaya.

Mwaka 1914 mji wetu wa Bujumbura uliitwa Usumbura, kituo cha kijeshi cha Wajerumani. Ng'ambo ya Rusizi, kwenye milima ya Uvira tunayoiona anga likitakata, alitawala Mbelgiji. Mpe mtoto ramani, umuulize: majirani hawa walikaa miaka bila vita, ni nini kiliwagombanisha mwezi Agosti?

Jibu liko kwenye mkataba. Mwaka 1839 mataifa makubwa, Uingereza ikiwamo, yaliahidi kwamba Ubelgiji haitaegemea upande wowote wala haitaguswa. Tarehe 4 Agosti 1914 Ujerumani ikaivamia ili ipate njia ya kuifikia Ufaransa, na siku hiyohiyo Uingereza ikaingia vitani. Tarehe 22 ya mwezi huohuo meli ya Kijerumani, Hedwig von Wissmann, ikaishambulia meli ya Wabelgiji katika Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Ahadi iliyovunjwa Ulaya ikawa moto wa mizinga ziwani.

Tukae zaidi kwenye mashua mbili, Mimi na Toutou. Waingereza walizitoa London hadi Cape Town kwa meli, wakazipandisha treni, na reli ilipokwisha zikakokotwa msituni na milimani kwa mashine za mvuke na ng'ombe, na mwishowe zikafika ufuko wa Wabelgiji. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 Hedwig ikazamishwa. Mwanafunzi aliyefuata safari hiyo kwa kidole kwenye ramani ameshaelewa maana ya kuwa na mshirika. Juni 1916 majeshi ya Kongo chini ya Jenerali Tombeur yakaingia Usumbura na Gitega, na Septemba yakaiteka Tabora.

Lipo jambo moja linalonikera. Baadhi yetu hugawa darasa makundi mawili, kila moja lishangilie nchi zake kama timu za mpira. Askari waliouana huku wengi walikuwa Waafrika, pande zote mbili. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa. Mwami Mwambutsa alitawazwa Desemba 1915 akiwa bado mtoto mdogo, na hakuna aliyeiuliza Burundi inataka kuwa upande gani. Kwa hiyo ubao unahitaji safu ya tatu: watu walioingizwa vitani bila kutia saini mkataba wowote. Mwaka 1919 Uingereza na Ubelgiji zilikubaliana Ruanda-Urundi ibaki kwa Wabelgiji, na safu hiyo ya tatu haikuulizwa tena.

Ombi langu ni hili: muhula ujao tuache swali la "taja nchi za kila muungano". Tuulize: "Eleza jinsi mkataba wa 1839 ulivyochangia kubadilisha bendera ya Usumbura mwaka 1916."