Moto wa Njano Jikoni
Wasikilizaji wa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda hadi Murongo, leo tulitazame lile jiko dogo linalokaa juu ya mtungi wa gesi wa kilo 6. Ndizi na maharage vikifurika, rojo huziba matundu ya kichomeo. Moto unageuka njano, sufuria inashika masizi. Funga valvu, acha jiko lipoe, kisha lifungue kutoka kwenye mtungi. Kichomeo kisugue kwa maji ya sabuni na mswaki mkuukuu. Matundu yake yazibue kwa pini. Kikauke kabisa, tafadhali. Ukilifunga jiko tena kwenye mtungi, fungua valvu, paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakichemka, gesi inavuja: funga haraka, fungua madirisha. Na wapo bado wanaopima uvujaji kwa njiti ya kiberiti, jamani!