Pima Antena Kabla ya Kuongea

Madereva wa malori mnaotusikiliza huko Marekani, hili ni lenu. Umenunua redio ya CB? Usianze kuongea hewani kabla hujapima antena. Antena isipokaa sawa, nguvu hurudi redioni na inaweza kuiunguza.

Anzia kwenye kishikio cha antena, pale kwenye mkono wa kioo cha pembeni. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae. Chuma kishikane na chuma. Kama kioo kimefungwa mlangoni, vuta waya kutoka kwenye kishikio mpaka kwenye fremu ya lori, maana bawaba za mlango haziaminiki. Hapa ndipo wengi hukosea, halafu lawama anabebeshwa muuza redio.

Sasa egesha mahali peupe, mbali na kuta. Funga milango. Unganisha mita ya SWR, ile inayoonyesha nguvu inayorudi, kati ya redio na antena. Pima chaneli 1, kisha chaneli 40. Kipimo kikizidi kwenye 40, antena ni ndefu: ipunguze. Kikizidi kwenye 1, antena ni fupi: iongeze. Kidogo kidogo, na upime tena.

Mita ikifika 3, usiongee. Ikishuka chini ya 2, karibu kwenye chaneli 19, waliko madereva wenzako. Chaneli 9 iache kwa dharura.