Sauti Hujengwa kwa Mazoezi
(Mazungumzo ya walimu wa kwaya mbele ya kamati za parokia na wafadhili, Sumbawanga)



Mmetuzoea tukiimba, leo mturuhusu tuseme.

Tunaanza kwa kukiri kosa. Mama mmoja alijiunga na kwaya yetu kwa moyo wote, lakini alikuwa akitoka nje ya ufunguo. Tulimwambia asimame nyuma, achezeshe midomo tu. Alivumilia Jumapili mbili, ya tatu hakuja. Tulipomfuata nyumbani alisema, "Walimu wangu, mimi Mungu hakunipa sauti." Maneno hayo tulimfundisha sisi.

Kwa kweli, watu wasioweza kabisa kutofautisha sauti ya juu na ya chini ni wachache sana. Tena Kifipa chenyewe ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno. Aliyekizungumza tangu utotoni ataambiwaje kwamba hana sikio? Kinachokosekana ni koo kuzoea kutii sikio, na koo hujifunza kwa kurudia, kama mkono unavyozoea jembe.

Tulimwomba mama yule arudi, tukabadili utaratibu. Zamani tulifanya mazoezi Jumamosi tu, saa tatu mfululizo, hadi watu wakachoka na sauti zikashuka. Sasa tunakutana mara tatu kwa wiki, nusu saa tu, hata wakati wa palizi. Mwalimu anatoa sauti moja. Watu wanasikiliza kwanza, kisha wanaivumisha midomo ikiwa imefungwa, ndipo wanaiimba polepole. Anayejifunza husimama kati ya wawili walioshika sauti vizuri, na wote huimba kwa sauti ndogo ili kila mmoja amsikie jirani yake. Anayepiga kelele hajisikii.

Baada ya hapo tunaimba nota: do, re, mi, kupanda na kushuka, kabla ya maneno. Mtindo huu wa kuandika nota kwa herufi ulianza Uingereza katika karne ya 19, kwa kazi ya Sarah Glover na baadaye John Curwen. Unatufaa sana vijijini kwa sababu unahitaji ubao na chaki tu.

Tunajua maombi mengi yanayowafikia ni ya vinanda na vipaza sauti. Hatuvidharau. Lakini kinanda hutoa ufunguo, hakimwimbii mtu. Na kipaza sauti hukuza kosa kama kinavyokuza uzuri. Umeme ukikatika, kinachobaki ni kile watu walichojifunza.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kamati zilinde saa za mazoezi, zisipangiwe mikutano, na asifukuzwe mtu kwa sababu ya sauti kabla hajafundishwa. Wafadhili nao, kabla ya kununua vyombo, watusaidie kuwafundisha nota walimu wa vigango, pamoja na madaftari na mbao.

Mama yule ilimchukua miezi mingi. Leo anashika sauti ya pili bila kuyumba, na wanaoanza tunawasimamisha karibu naye. Haji tena kusimama nyuma.